Mgeni wa Simu Namba Nne

3 Februari

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pokea na ya pili, maana siku hizi nina furaha mpaka nawaamkia hata watu nisiowajua kwenye ngazi. Sisi wazima kabisa. Baba amenipigia kuniambia bati la jikoni limetengenezwa na mdogo wangu amefaulu mtihani, sasa anatembea nyumbani kama mkuu wa shule. Wewe hujambo? Cherehani inaenda?

Leo ni wiki ya tano tangu niolewe, na bado nikiamka namtazama mume wangu usingizini nasema, hivi kweli huyu ni wangu? Wenzake kazini wanamwita Taratibu. Usicheke! Hawezi kufunga mlango bila kurudi kuujaribu mara mbili. Hata kupenda anapenda taratibu. Ananikata kucha za mkono wa kulia, kwa sababu mkasi mimi siuwezi kwa mkono wa kushoto. Niambie, wangapi duniani wanakatwa kucha na waume zao?

Vyumba vyetu ni viwili, ghorofa ya tatu, juu ya fundi wa matairi. Kutwa tunasikia pampu yake ikipumua. Mapazia uliyotushonea nimeyatundika. Yamependeza mno, ila upindo wa moja umekwenda kombo, nikashangaa, maana mimi uliponilea ukinifundisha kushona ulinifumua mishono kwa kombo la uzi mmoja tu.

Sasa kuna kajambo kadogo, wala si jambo. Unajua kazi yake ni kutengeneza kurasa za mtandao, zile watu wanazofungua kwenye simu kuulizia hiki na kile cha ofisi. Meza yake ina droo yenye ufunguo. Juzi aliiacha wazi nikachungulia. Shangazi, mna simu kumi na moja! Kuukuu zote. Nyingine za vitufe, nyingine zimepasuka kioo, na kila moja imebandikwa plasta ya kidonda mgongoni, yenye namba. Nilipomuuliza alicheka akasema, "Hizo ni zana za kazi, mke wangu." Nikacheka na mimi. Lakini shangazi, mbona mume wangu si fundi wa simu?

Nakupenda mpaka karatasi inaisha,
Chiriku wako

*

21 Februari

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, zote mbili. Hapa tupo, tunasukuma siku. Mama wa vitambaa, jirani yangu wa duka la pili, anakusalimu na anauliza kama kuna habari yoyote tumboni. Nimemwambia ndoa yenyewe ina wiki tano. Akasema yeye alishika wiki ya pili. Mwongo yule.

Pazia halijaenda kombo. Ni ukuta wenu.

Najua unajiuliza kwa nini sikupigii. Simu yangu unaijua. Tangu ianguke kwenye ndoo haiongei ila kwa kipaza sauti, na mambo ya ndoa yako siwezi kuyasikiliza pamoja na wateja watatu wanaosubiri kupimwa kiuno. Wewe andika. Barua haina kipaza.

Sasa nisikilize. Simu kumi na moja! Marehemu mume wangu alikuwa na simu moja, na hiyo moja ilinitosha kwa shida miaka yote. Mimi mkasi wangu ni zana ya kazi, uko mezani, kila mtu anauona. Sijawahi kuufungia kwa ufunguo. Mtazame huyo Taratibu wako anaishika ipi zaidi ya nyingine. Halafu muulize, ukimwangalia usoni, na usicheke. Wewe ukicheka unasahau swali.

Shangazi yako

*

12 Machi

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Ujumbe wa mama wa vitambaa nimempa mume wangu, akaona haya mpaka masikio. Nilimpenda zaidi. Tumenunua kabati, tumepandisha vipande vyake ngazi zote tatu, na katika kuliunganisha tumebakiwa na skrubu nne tusizojua zilikuwa za wapi. Yeye hataki nguo ziingie mpaka ajue.

Nimeuliza, na sikucheka. Alinikalisha kitandani akazipanga simu zote juu ya shuka kama mtu anayepanga karata. Anasema kila simu ina kivinjari, yaani ile programu inayofungulia kurasa. Simu mpya ina kivinjari kipya, kinaelewa kila kitu. Simu ya zamani ina cha zamani, na ukurasa wa kisasa ukiandikwa kwa lugha kisichoijua, kinakwama hapo hapo na kukuachia weupe mtupu. Kwa hiyo yeye, kabla ukurasa haujatoka, anaujaribu kwenye kila moja. Kompyuta inaweza kuigiza simu ya zamani, anasema, lakini inaigiza kama mlevi anavyoigiza asiyelewa.

Kazini wamemchoka. Mkuu wao anamwambia, "Taratibu, hao wenye vigae vya simu ni wachache, waache wanunue simu." Yeye anajibu, "Wachache ni watu wangapi?" Mkuu anaondoka.

Nilikuwa nimeridhika kabisa, shangazi, moyo mweupe. Halafu nikafuata lile shauri lako, kuangalia anaishika ipi. Ni namba nne. Ya kijani, pembe moja imeliwa. Pamoja nayo ana daftari, na kwenye ukurasa wa namba nne ameandika kwa mkono wake: Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, alikuja. Jumanne, saa kumi na moja na dakika tano, alikuja. Wiki baada ya wiki! Na kweli kila Jumanne hiyo saa huamka, hufungua kompyuta, hutazama, halafu hurudi kitandani ametulia.

Nikamwambia, "Nani huyo anayekuja?"

"Mgeni mmoja wa ukurasa wetu. Wengine wenye simu kama hiyo huja saa wanayojisikia. Huyu ndiye hakosi alfajiri."

"Mwanamke?"

"Sijui. Naona aina ya simu na saa tu. Jina siruhusiwi kuliona."

"Sasa unamwamkia nini mtu usiyemjua?"

Akasema, "Napenda kujua kwamba amefika."

Shangazi, mimi hajawahi kuniamkia saa kumi na moja.

Chiriku

*

3 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Salamu nyingi hazina nafasi, karatasi imebaki moja. Baba yako alipita, mzima, amenenepa.

Napenda kujua kwamba amefika! Ungekuwa mbele yangu ningekupiga na futi. Hata mtoto wa darasa la kwanza angekataa hadithi hiyo. Mwanamume anaacha blanketi lenye mke wa miezi mitatu aende kuangalia kama mtu asiyemjua amefika?

Fanya hivi. Ichukue hiyo namba nne, ifiche, nyamaza. Kama ni zana, atanung'unika kidogo, atatumia hizo kumi. Kama ni mtu, utamwona anavyohangaika. Mpe wiki moja. Macho yako yatakwambia kuliko mdomo wake.

Usimwonee huruma kabla ya wakati. Wewe una huruma ya haraka, ndiyo maana uliolewa haraka.

Shangazi

*

24 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Barua yako imenifikia, ina maneno manne kila mstari, makubwa kama ya mabango. Kama unanikaripia, nimesikia. Sisi, sijui niseme wazima au vipi.

Nilifanya. Jumamosi, akiwa bafuni, niliitoa namba nne nikaitia kwenye kiatu changu cha harusi, nikajaza soksi juu yake. Jumapili jioni akafungua droo.

Hakunung'unika kidogo, shangazi. Alitoa simu zote, akazihesabu, akazihesabu tena. Akainua godoro. Akashuka kwa fundi wa matairi kumuuliza kama imeanguka dirishani, wakawa wanamulika na tochi chini ya magari, nikimsikia fundi anasema, "Simu yenyewe ya dhahabu, bwana?" Aliporudi akakaa sakafuni, mgongo kwenye lile kabati.

"Ukurasa mpya unatoka kesho," akasema. "Sijaujaribu kwenye namba nne."

"Si una kumi nyingine?"

"Hakuna nyingine yenye kivinjari kile." Kisha akanitazama. "Hujaiona, mke wangu?"

Nikasema, "Sijaiona."

Ndiyo mara yangu ya kwanza kumdanganya. Ilitoka laini, mpaka nikaogopa.

Asubuhi alimwomba mkuu wake wasubiri siku mbili. Mkuu akasema ukurasa mzima hauwezi kusubiri kigae kimoja, ukatoka hivyo hivyo. Tangu hapo mume wangu akitoka kazini hapiti nyumbani, anazunguka kwenye vibanda vya simu zilizotumika akitafuta mwenzake wa namba nne. Anarudi na vumbi mpaka magotini. Chakula anakichezea. Ulisema nitamwona anavyohangaika. Nimemwona. Mtu hahangaiki hivi kwa ajili ya zana.

Nikitaka kurudi kwako kwa muda, chumba cha nyuma bado kipo? Nijibu upesi.

Chiriku

*

15 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki tatu sijaona mstari wako. Juzi nilipiga simu, kipaza au si kipaza. Akapokea mtu, nadhani mama wa vitambaa, akasema umelala. Saa nne asubuhi? Wewe? Nilipouliza una nini, akasema hana ruhusa ya kusema, akakata. Kama umenikasirikia kwa sababu nimetaja chumba cha nyuma, niambie tu.

Mimi nimefungasha sanduku. Liko chini ya kitanda, upande wangu.

Hajapata simu ya kufanana. Wala hajanishutumu, na hilo ndilo linaloniumiza, kwamba ananipita chumbani polepole kama mtu anayepita karibu na mgonjwa. Jana alipotoka nilifungua daftari. Kwenye ukurasa wa namba nne pana mistari minne mipya. Jumanne, hakuja. Jumanne, hakuja. Jumanne, hakuja. Jumanne, hakuja.

Nakuambia ukweli, nilifurahi. Nilisimama katikati ya chumba nikacheka peke yangu. Nikasema, huyo bibi amekata tamaa, njia imezibwa. Halafu nikaona chini yake ameandika kwa penseli: nimemwambia mkuu, anasema huyo atakuwa amenunua simu mpya. Na chini zaidi: sidhani.

Mwisho wa mwezi nitakuja. Nijibu hata neno moja.

Chiriku

*

29 Mei

Mwanangu,

Huu si mwandiko wangu. Anaandika mama wa vitambaa, mimi nasema. Nimemwapisha aandike kama ninavyosema, asiongeze chumvi. (Siongezi. Hujambo mwanangu.)

Barua zako mbili zilizokaa hapa amenisomea jana. Mwenyewe sikuweza. Tangu mwaka jana nina ugonjwa nyuma ya macho yote mawili. Sikukuambia kwa sababu ulikuwa unaolewa, na kwa sababu mshona nguo asiyeona akijulikana, wateja hawarudi. Pazia lilikwenda kombo. Ukuta wenu hauna kosa.

Kuna kliniki ya macho, wanachoma sindano kila baada ya wiki nne. Wagonjwa ni wengi, zamu chache. Kila Jumanne, kuanzia saa kumi na moja alfajiri, lazima ufungue ukurasa wao kwenye simu na kubonyeza kwamba bado unaitaka zamu yako. Usipobonyeza Jumanne tatu, jina linatoka, anaingia mwingine. Mimi nilikuwa nikibonyeza mapema ili niwahi kabla duka halijajaa masikio. Nilibonyeza kwa simu hii hii, ya kijani, iliyoanguka kwenye ndoo.

Mwezi wa nne, nikafungua Jumanne, ukurasa mweupe. Nikafuta kioo. Mweupe. Nikazima, nikawasha, mweupe. Nikasema ndiyo basi, jicho limekwisha. Sikufikiria simu hata mara moja. Nilikaa na weupe ule Jumanne tatu, sikumwita mtu, maana ningemwita nimwambie nini? Nimepofuka, njoo uone? Tarehe nane Mei nikaenda kliniki kwa siku yangu ya sindano. Wakaniambia jina halimo. Nikarudi nikalala. La kushoto sasa linaona pembeni tu, katikati pana wingu. La kulia bado linajitahidi.

Ulipoandika kwamba huyo mgeni huja Jumanne alfajiri, nilishtuka kidogo. Nikajiambia wa Jumanne ni wengi. Halafu nikakushauri uifiche simu. Ni mimi niliyekushauri, kwa mwandiko wangu wa mabango. Hakuna mwanamke, Chiriku. Kuna mimi.

Toa nguo kwenye sanduku. Simu irudishe mahali, kama vile umeiokota. Ila mumeo usimwambie lolote, si la simu wala la macho yangu. Mwanamume akishajua kwamba mkewe alimpekua, hasahau. Nakuomba kwa hilo.

Shangazi yako
(Hali vizuri. Mwambie ale. Hilo nimeongeza.)

*

9 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi, nikashindwa kupanda iliyobaki. Fundi wa matairi aliniletea kiti.

Nisamehe, nimemwambia. Nilitaka kukutii. Nilishaitoa simu kiatuni, nikawa nimesimama mbele ya droo nikipanga uongo wa pili, niliiona wapi, niliokotaje, nikaona nikisema huo utahitaji wa tatu. Alipoingia nikaiweka mezani, na barua yako pembeni yake. Nikasema, "Niliificha mimi."

Aliisoma barua amesimama, na begi bado begani. Akachomeka simu kwenye chaji, akafungua ukurasa wa kliniki, ambao ndio huo wao walioutengeneza. Mweupe. Akakaa kwenye kompyuta. Ilikuwa mstari mmoja tu, shangazi! Mstari mmoja ambao kile kivinjari cha zamani hakiuelewi, kikiufikia kinaacha kusoma vyote vinavyofuata. Dakika ishirini hazikufika, zamu zikatokea kwenye kioo cha namba nne. Akahesabu walioondolewa, akampigia mkuu wake palepale, sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Wachache ni watu kumi na tisa! Kumi na tisa wametoka kwenye orodha! Mmoja wao ni mama mkwe wangu!" Kisha akaipigia kliniki. Wamekubali kuwarudisha wote. Sindano yako ni Alhamisi, tarehe ishirini na sita. Bonyeza Jumanne zote zilizobaki kabla yake, utaona ukurasa umefunguka. Ukiona weupe tena, mwite mtu. Mtu yeyote. Mwite hata kwa kipaza.

Baada ya simu hizo ndipo akanigeukia.

"Nilikupangia zote kitandani," akasema. "Nikakueleza moja moja."

"Ulinieleza."

"Ulikuwa huniamini tangu siku ile?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akatoka, akatembea mpaka giza likaingia. Alikula niliyompakulia. Kucha zangu zimerefuka, sijathubutu kuzitaja.

Nakuja tarehe ishirini na nne, nitakaa nawe mpaka sindano ipite. Kama yeye atakuja sijui, sijauliza. Jana alikaa mezani akaandika barua, kwa kalamu, kurasa mbili, yeye ambaye hata orodha ya sokoni huandika kwenye kompyuta. Akaitia kwenye bahasha, akaibandika kwa gundi, akapitisha kidole kwenye ukingo mara mbili. Akaniambia, "Ya shangazi. Itie pamoja na yako."

Imekaa hapa mezani siku nzima. Naona kivuli cha maneno nikiinyanyua dirishani, kwa hiyo sasa nimeifunika na sahani. Birika limechemka mara mbili, na mvuke wa birika unafungua gundi, hilo najua. Labda anakuuliza habari za ule ukurasa mweupe. Labda anakuambia umchukue mtoto wako. Kama ni hilo, nitalisikia kwako.

Sijaifungua, shangazi. Iangalie vizuri ukingoni, au aangalie mama wa vitambaa.

Chiriku

*

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Anaandika yule yule. Baba yako anajua sasa, amelia, nimemfukuza.

Leo ni Jumanne. Nimebonyeza, imekubali.

Bahasha imekaguliwa kwa jicho langu la kulia na kwa miwani ya mama wa vitambaa. Haijaguswa. Amenisomea kurasa zote mbili, kisha nimemwambia azisome tena. Kilichoandikwa humo ni changu na cha mumeo, hukuandikiwa wewe, na ukimuuliza njiani asipojibu, tazama nje ya dirisha.

Jibu langu kwake ni ndiyo. Mpe yeye mwenyewe hilo neno, kama lilivyo, anajua ni la swali gani.

Chumba cha nyuma nimeondoa majora ya vitambaa. Kile kitanda chako cha zamani ni chembamba, kwa hiyo tumekitoa nje, na mama wa vitambaa ametuazima chake, cha watu wawili.

Shangazi yenu